Nguzo ya Kumi na Saba

Kazi yangu ni kubisha hodi.
Natembea na nyundo ya ratili mbili
kutoka Muthaiga hadi ukingo wa Karura,
nagonga nguzo za umeme, gotini, kifuani,
kisha natega sikio.
Nguzo nzima hujibu kwa mkato, kama mtu aliyeamshwa usiku:
ngo.
Iliyooza ina maneno mengi. Bwoo, husema, bwoo,
debe tupu lililotwikwa nyaya.

Miaka kumi na mitatu.
Sikio la kushoto, lililokaa upande wa nyundo, limeshaniaga;
la kulia ndilo lililoajiriwa.
Nguzo mbovu naipaka duara jekundu,
naandika namba yake kwenye fomu,
na Ijumaa fomu zinakwenda kwa Bi. Kerubo
asiyewahi kugusa nguzo hata moja
na anazijua zote.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nairobi isiyo mvua wala jua,
manyunyu tu, yaliyokaa kwenye nyusi zangu
kama yamelipa kodi.
Nguzo ya kumi na saba imesimama penye mihugu.
Nikagonga gotini: ngo.
Nikagonga kifuani: bwoo.
Sijashusha mkono, juu kukajibu
ko-ko-ko-ko-ko.

Nilidhani mwangwi. Lakini mwangwi hungoja zamu yake.
Nikagonga mara mbili.
Akagonga mara kumi na kitu,
kama karani anayepiga mihuri saa kumi na moja kasoro.

Kigogota.
Si yule wa madoadoa niliyemzoea bustanini.
Huyu mgongo wake kijani, kijani cha jiwe la mtoni lililoota ukoga,
kifuani mistari myembamba, imebanana,
daftari la mtoto ambaye bado hajaandika,
na kisogoni wekundu.
Nikatazama kopo langu la rangi.
Ule ule.

Gachiri, mlinzi wa lango la msitu, akasema
huyo ni wa juu, wa Kinale, kwenye ukungu na mianzi;
baridi ikimzidi hushuka mjini kutafuta, kama sisi.
Gachiri husema mengi.
Ila tundu nililiona mwenyewe, mviringo kama limepimwa kwa bikari,
na nilipobandika sikio la kulia kwenye nguzo
nikasikia, ndani kabisa ya uozo,
vinywa.
Vidogo, vingi, vyote vina njaa.

Miaka yote hiyo nasikia utupu.
Sikujua utupu una wapangaji.

Ningeandika *nzima*, nikaenda zangu.
Niliwahi kuandika hivyo, Kangemi, jioni moja nimechoka,
na kibanda cha mama wa chapati kikalaliwa na nguzo.
Alikuwa ametoka kwenda kuchota maji.
Alikuwa ametoka, ndivyo ninavyojiambia.

Basi nikapaka duara.
Na penye *Maelezo mengine*, pasipoandikwaga kitu, nikaandika:
Ina watoto. Iegemezwe kwanza.

Bi. Kerubo akapiga simu.
"Mwakio. Watoto gani?"
Nikamweleza. Akanyamaza muda mrefu, nikasikia kalamu yake
ikigonga meza.
"Wiki nne," akasema. "Na gongo la kuiegemeza ulitafute wewe."

Nguzo mpya ni ya zege.
Niliigonga kwa mazoea.
Zege halikunijibu, wala halikuoza,
na nyundo iliniuma mkononi mpaka kiwikoni.

Kipande chenye tundu niliwaomba wakataji.
Kiko mlangoni kwangu, kinanuka dawa,
majirani wanauliza ni mzinga wa nyuki au ni uganga.
Jana binti yangu Mkawasi alikikumbatia, akaweka sikio,
akabisha kwa kidole kimoja.

"Baba, kuna mtu?"

Nikainama, nikageuza kichwa vibaya,
nikaweka lile la kushoto.

"Yumo," nikamwambia.